Mtaa wa Mama Ndoo

Kwii.

Ndiyo sauti anayoikumbuka. Kalamu nene ya wino mwekundu ilikuwa inapita juu ya ramani ya mji, ile iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya mauzo na kufunikwa nailoni ngumu, nayo ikalia. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, wenzake wote wameshaondoka, na sauti ile nyembamba ilikijaza chumba kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Alisimama, akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu, ila viti saba na birika la chai lililopoa. Akaendelea kuchora. Alifika mwisho wa mtaa, akakata kona kwenye kituo cha mafuta, akarudi kwa upande wa pili mpaka mstari ukakutana na mwanzo wake. Maduka kumi na manne ya vifaa vya ujenzi yakawa ndani ya uzio mwekundu. Katikati aliandika neno moja: OFISI.

Nyumbani wanamwita Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili waliozaliwa siku moja na ambao hawajawahi kukubaliana jambo hata moja. Kazini ni Meneja. Kampuni yao inauza rangi: ya maji, ya mafuta, ya mabati, kwenye makopo na kwenye ndoo za lita ishirini. Kabla ya kupewa kiti cha umeneja alikuwa muuzaji kwa miaka kumi na mmoja. Alitembea duka kwa duka na kadi ya rangi kwapani, ile karatasi ndefu inayokunjwa kama feni, yenye vipande mia na ishirini vya rangi. Aliijua kiasi kwamba ungemfumba macho ukamtajia namba, angekuambia ni bluu gani.

Siku zile alikuwa na mshahara mdogo wa kuanzia, wa kula na kununulia viatu, na juu yake kamisheni. Kila ndoo iliyoingia dukani kwa jasho lake ilimwachia chochote. Alipopandishwa cheo, mshahara ulipanda na kamisheni ikafutwa. Badala yake aliwekewa fungu la kila robo ya mwaka, ambalo lingetoka tu ikiwa timu nzima imefikia lengo. Na katika timu ya watu sita, daima kuna mmoja mgonjwa, mmoja anayetafuta kazi kwingine, na mmoja anayepiga simu akisema yuko njiani ilhali bado hajanawa uso. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza wa umeneja, akiwa na jina la cheo mlangoni na kiti cha kuzunguka, alipeleka nyumbani pungufu kuliko mwaka wake wa mwisho wa kutembea kwa miguu.

Hakumwambia mtu. Mke wake alijua nusu ya habari. Nusu iliyobaki aliisoma usoni mwa mumewe, akainyamazia.

Katika watu wake sita, mmoja alikuwa Mama Ndoo. Alimfundisha mwenyewe: namna ya kumsalimu mwenye duka kabla ya kutazama rafu zake, namna ya kuandika barua kwa mteja anayechelewa, namna ya kukubali neno hapana bila kununa. Jina lile alilipata katika mwezi wake wa kwanza. Gari la mzigo lilikuwa limekwama, na mwenye duka mmoja alikuwa anafoka kwamba mafundi wake wamekaa bure. Yule dada akavua viatu vya ofisi, akajitwika ndoo ya lita ishirini, akashuka nayo mtaa mzima bila kuishika kwa mikono. Mafundi rangi waliokuwa barazani walicheka. Alipofika duka la tatu walikuwa kimya. Alipoitua walipiga makofi. Tangu siku hiyo mtaa ule ukawa wake, na kwa miaka sita hakuna aliyeuita kwa jina lililoandikwa kwenye kibao.

Kila mwisho wa mwezi mhasibu aliingia na karatasi ya kamisheni ili Meneja aitie sahihi. Mhasibu alikuwa mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na moja aliyoisahau kwenye paji la uso. Mwezi ule wa mwisho wa mwaka, mkandarasi wa nyumba za ghorofa alikuwa amenunua rangi yote kupitia duka moja la mtaa wa Mama Ndoo. Meneja alishusha kidole mpaka kwenye jina lake, akakivuta hadi mwisho wa mstari, kikasimama. Haikuwa mara ya kwanza kwa yule dada kumpita kidogo. Safari hii alikuwa amempita karibu kwa nusu nzima.

"Ukichoka kukaa hapo, Meneja," mhasibu alisema, "omba kazi kwa huyu."

Meneja akacheka kile kicheko cha kuombea jambo liishe, akatia sahihi.

Kama ingeishia hapo, pengine yaliyofuata yasingetokea. Lakini Jumapili alikuja mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha biashara. Alipewa kazi ya kuandika juu ya mapato ya mameneja wa mauzo na mambo yanayoyapandisha au kuyashusha, na alikuwa anajivunia kwamba yeye, tofauti na wenzake, hana haja ya kuhangaika vitabuni, anaye mjomba. Aliketi mkekani na daftari magotini. Sebuleni walikuwepo pia mke wa Meneja, mapacha wakigombea mto mmoja, na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi umeme ambaye ulimi wake ulikuwa na umeme kuliko nyaya zake.

Meneja alijibu vizuri. Alimweleza kwamba kitu cha kwanza ni bidhaa yenyewe: anayeuza mitambo ya hospitali halingani na anayeuza sabuni, hata kama wote wanalala saa sita. Akamweleza juu ya ukubwa wa kampuni, miaka ya kazi, elimu, mji ulipo na wingi wa watu unaowasimamia. Alikaa zaidi kwenye eneo, kwa kuwa hapo alipajua kwa nyayo. Wape watu wawili wenye akili sawa maeneo mawili, alisema, mmoja mtaa wenye maduka, mwingine mashamba yenye vigingi vya viwanja, na mwisho wa mwaka utadhani mmoja ni mvivu. Mpwa aliandika mpaka vidole vikamuuma. Shemeji alisema kumbe shemeji yake ni profesa, siku zote walikuwa wanamlisha bure bila kujua.

Kisha binti akafungua ukurasa mpya.

"Mjomba, la mwisho. Katika watu walio chini yako, kuna anayelipwa kukuzidi?"

"Hilo nalo ni swali?" shemeji alidakia. "Umeona wapi kondakta anamzidi mwenye basi? Andika hapana, twende tukale."

Wote walicheka, na Meneja alikitazama kikombe chake. Jibu alilijua, na alijua pia kwamba halina aibu yoyote. Katika kazi ile ni jambo la kawaida muuzaji hodari kumpita meneja wake. Yeye mwenyewe, miaka yake miwili ya mwisho, alimpita meneja wake wa zamani, mama mmoja mpole aliyekuwa na mguu mbovu. Mama yule alikuwa hamtumi mhasibu. Aliileta karatasi mwenyewe, akichechemea kupanda ngazi, akamshika mkono na kumwambia: umenipita tena, hongera. Hayo yote aliyakumbuka akiwa ameshika kikombe. Wakati huohuo alimwona mke wake akimtazama, na shemeji akisubiri kwa meno yote nje.

"Hapana," alisema. "Mpangilio wenyewe hauruhusu."

Mpwa akaandika, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ile ya kalamu. Kila mwanzo wa mwaka maeneo ya mauzo yaligawanywa upya. Meneja alichora, Mkurugenzi alisaini. Na palikuwa na kanuni ya zamani, iliyowekwa kwa nia njema, kwamba meneja anaweza kuweka eneo moja chini ya ofisi ikiwa wateja wake ni wakubwa mno kwa mtu mmoja. Mauzo ya eneo kama hilo hayana kamisheni ya muuzaji; huingia kwenye lengo la timu, na kutoka huko huingia kwenye fungu la meneja. Mama yule mwenye mguu mbovu hakuitumia hata mara moja. Meneja aliitumia, na kwa Mama Ndoo akachora eneo jipya pembezoni mwa mji, kule kwenye misingi ya nyumba, majani na maduka mawili ambayo moja lilikuwa bado halijapauliwa.

Mkurugenzi alisaini bila kuvaa miwani. "Wewe ndiye unayeijua mitaa," alisema. Meneja akamwomba jambo moja dogo: kwamba yeye Mkurugenzi ndiye asome orodha kwenye kikao cha Jumatatu, ili iwe na uzito.

Kikao kilikuwa kifupi. Mkurugenzi alisoma kama anayesoma ratiba ya treni, akaondoka na chai yake mkononi. Mama Ndoo alikuwa ameifungua kadi yake ya rangi mezani. Aliikunja kipande kwa kipande, taratibu, kutoka nyeupe mpaka nyeusi, akaitia mfukoni. Kijana mmoja wa timu, muuzaji wa maeneo ya kusini, akanong'ona kwamba wakubwa hawana haya. Hakuna aliyemtazama Meneja. Hata ramani ile pale ukutani, yenye mwandiko wake, waliiona kama kazi ya karani anayeandika alichoambiwa.

Baadaye alimkuta kwenye mtungi wa maji. Alitaka kumpita, lakini koridoni hapakuwa na pa kupitia.

"Usijisikie vibaya, Meneja," Mama Ndoo alimwambia. "Najua ulinitetea. Wa juu wakishaamua wameamua."

Bilauri ilikuwa inajaa. Kulikuwa na muda mwingi sana pale, muda wa maji kutoka chini mpaka ukingoni, na alichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu au manne. Yeye alisema, "Tutaona la kufanya." Na yule dada akamshukuru.

Sasa ilimbidi auhudumie mtaa mwenyewe. Alidhani atakaribishwa kama mkubwa aliyeshuka. Duka la kwanza walimpa kiti, wakauliza Mama Ndoo yuko wapi. La pili hawakumpa kiti. Alijibu kwamba amepewa kazi nyingine kwa muda.

Duka la tatu lilikuwa la mzee waliyemwita Mwenye Misumari, kwa kuwa aliuza misumari kwa kuihesabu mmojammoja, na ukimwomba akuongezee hata mmoja alikuuliza kama yeye ni mjomba wako. Mzee huyu alimwonyesha daftari lililoning'inia kwa kamba nyuma ya kaunta. Lilikuwa na mwandiko wa Mama Ndoo, kurasa kwa kurasa. Alikuwa ameandika mchanganyiko wa kila rangi iliyowahi kutoka pale, si kwa namba za kampuni bali kwa jina la ukuta: sebule ya mwalimu mkuu, geti la mkunga, chumba cha watoto wa fundi viatu. Ukuta wa mtu ukichafuka baada ya miaka mitatu, anakuja, wanafungua daftari, anapata rangi ileile bila kupaka nyumba nzima. Katika miaka yake kumi na mmoja yeye hakuwahi kufikiria jambo kama hilo. Alifunua ukurasa mmoja, wa pili, akalirudisha kwenye msumari wake.

"Niandikie ndoo ishirini," mzee alisema. "Na umwambie binti yetu nimechukua kwa ajili yake. Mwezi huu sikuzihitaji."

Aliandika. Mkono wake ulikuwa mtulivu, naye akauchukia kwa utulivu ule.

Robo ya kwanza ya mwaka ilipoisha, timu ilivuka lengo. Mhasibu alileta karatasi, na safari hii hakufanya mzaha. Aliiweka mezani, akasubiri sahihi huku akitazama dirishani. Jina la Mama Ndoo lilikuwa la kwanza kutoka chini. Nyumbani, Meneja alinunua mapazia mapya. Mke wake aliyapapasa, akauliza kama amepandishwa. Akamjibu kwamba mwaka umeanza vizuri. Mke hakuuliza tena, ila aliyatundika chumbani. Sebuleni aliacha yale ya zamani.

Wiki hiyohiyo mpwa alikuja na karatasi yake ya chuo. Alikuwa amepata alama za juu kuliko wote darasani. Shemeji aliinyakua, akasimama katikati ya sebule na kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: kwa mujibu wa meneja mmoja mwenye uzoefu na uadilifu, mpangilio wa malipo hauruhusu muuzaji kumzidi msimamizi wake. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba hilo linamshangaza, lakini kwa kuwa limetoka kwa mwenye kazi analikubali.

"Uadilifu," shemeji alirudia. "Kumbe tunaishi na mtu mwenye uadilifu na hatusemi."

Meneja alisema anakwenda kuangalia bomba la uani linalovuja. Halikuwa linavuja. Alisimama mbele yake, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

Mama Ndoo naye alikuwa anaingia ofisini jioni na viatu vilivyobadilika rangi kwa vumbi. Zamani alikuwa anawapa taarifa za nyumba yake kama taarifa ya habari, vyumba viwili na jiko, anajenga mwenyewe: jamani nimefika dirishani, jamani nimefunga lenta, mwaka huu napaua, atakayekuja na zawadi aje na bati. Siku hizi hakuitaja. Kijana wa kusini alipomuuliza bati zimefikia ngapi, alisema nyumba inapunga upepo kwanza, haina haraka. Wakacheka. Meneja alikuwa mlangoni akaurudisha mlango polepole, kama mtu aliyeingia chooni na kumkuta mwenzake.

Alfajiri moja alijiambia kwamba mwakani atamrudishia mtaa, kimya kimya, na hakuna atakayejua. Lilimtuliza wazo hilo kwa siku nne. Siku ya tano, Jumatano asubuhi, Mama Ndoo aligonga mlango wake, akaingia na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili.

"Nina ombi, Meneja. Nimemwandikia Mkurugenzi kuhusu mtaa. Nataka nimpelekee saa nne, kabla hajatoka. Unisomee kwanza, wewe ndiye uliyenifundisha barua."

Aliipokea. Barua ilikuwa nzuri. Haikulalamika. Ilisema ni maduka mangapi aliyoyakuta na mangapi aliyoyafungua, ilitaja daftari la rangi kwa Mwenye Misumari, ikaomba, kwa unyenyekevu, kujua kosa lake ili alirekebishe. Kisha aya ya mwisho: Najua Meneja wangu alinitetea kadiri ya uwezo wake, na simlaumu kwa lolote. Kama ipo kazi niliyoiweza hapa, ni yeye aliyenifunza.

Alisoma mpaka sahihi, akarudi juu, akasoma tena bila kuona herufi. Aliyaona yatakayotokea saa nne. Mkurugenzi atainua uso na kuuliza, mtaa gani, si Meneja wako ndiye aliyeuleta umechorwa? Atalisema bila ubaya, kama mtu anayeulizwa ufunguo wa stoo. Na huyu dada atasimama pale zuliani na viatu vyake vya vumbi, na shukrani yake mkononi, imeandikwa kwa wino.

Bado palikuwa na njia. Miaka kumi na mmoja ya kuuza ilimpa maneno, na yalikuwa tayari chini ya ulimi: mkubwa wiki hii ana hasira, subiri mwezi uishe, au, iache kwangu, nitaipeleka mwenyewe. Angeamini. Angemshukuru tena, na hilo la kushukuriwa ndilo hakuona atalibeba wapi.

"Hapo nilipokutaja," Mama Ndoo alisema, "kama nimetia chumvi niambie, nitapunguza."

Alitikisa kichwa. Nyuma ya yule dada, kupitia kioo cha mlango, ramani ya ofisi ya mauzo ilikuwa inang'aa kwa jua la asubuhi, na ule uzio mwekundu ulikuwa umeanza kufifia pembeni, pale mtu wa usafi anapopitisha kitambaa. Aliikunja barua mara mbili, kama alivyoipokea, akaisogeza juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Mama Ndoo. Hakuuondoa mkono wake. Sauti yake ilitoka ndogo mno hata Mama Ndoo akainama kuisikia.

"Usimpelekee. Mtaa wako niliuchukua mimi."